Siku Sita za Kupikiwa

Kilichonitoa nyumbani ni mgongo wangu. Mimi ni mpishi katika shule moja ya bweni hapa Voi. Kwa miaka kumi na tisa nimeamka saa kumi alfajiri kuwasha moto wa uji wa watoto mia nne, na kila shule inapofungwa mwezi wa Agosti nimekuwa nikipumzika namna hii: napanda basi na mume wangu hadi Nairobi, tunabadilisha basi hadi Bungoma, tunafika kwa wakwe zangu karibu na Kimilili tukiwa tumevimba miguu, na kesho yake saa kumi alfajiri naamka kuwasha moto. Mume wangu, Barasa, hupumzika kweli. Yeye ni mkaguzi wa njia ya reli, mtu wa kutembea juani kutwa nzima, kwa hiyo akifika kwao huwekewa kiti, huletewa maji ya kunawa, na wazee huja kumsikiliza akieleza habari za treni. Siku ya kurudi watu wote humwambia amenona.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, nilikuwa nikiteremsha sufuria ya githeri jikoni shuleni, mgongo ukakataa. Sikuanguka, wala sikupelekwa hospitali. Ulikataa tu, kama punda anavyokataa. Niliketi juu ya gunia la maharagwe kwa muda, nikawaza, na jioni nikamwambia Barasa, "Agosti hii siendi Kimilili. Nataka kwenda likizo."

"Likizo si ndiyo hiyo Kimilili?"

"Nataka kwenda mahali nipikiwe."

"Mahali gani?"

Nikanyosha kidole dirishani. Mlima wa Sagalla ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, nyuma ya mabati ya majirani.

"Hiyo mlima naiona kila siku nikipiga mswaki," Barasa akasema. "Mtu hawezi enda livu mahali anapaona akitoka choo."

Nisimlaumu peke yake. Hapa Voi ndivyo tunavyoona mambo, hasa sisi tuliotoka mbali tukaja kufuata reli na mkonge. Likizo ni neno la watu wa magari yenye paa la kufunguka, wanaopita na kofia zao kwenda mbugani kutazama ndovu. Sisi ndovu tunaletewa bure, wakija kula mahindi. Mtu wetu akipata livu ana njia moja tu, kwenda kwao, na asipokwenda lazima pawe na sababu ya kutajwa kwa sauti ya chini: amefukuzwa kazi, au amekosana na ndugu zake. Kupanda kilima cha jirani ukakae tu, ilhali una afya na una nauli ya kwenu, ni jambo la kufanya watu wakuchungulie.

Tulibishana wiki mbili. Mwishowe Barasa, ambaye ni mtu wa haki hata akiwa amenuna, akaweka sharti. Twende siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ataniuliza swali moja: umepumzika? Nikijibu ndiyo, na yeye mwenyewe aone kwa macho yake kwamba ni kweli, basi Agosti itakuwa yangu kila mwaka. Nikibabaika, tunapanda basi Jumatatu kwenda kumalizia livu yake Kimilili, na habari ya kupikiwa nisiitaje tena mpaka tuzeeke. Nilikubali. Agosti zangu zote zilizobaki duniani nikaziweka juu ya siku sita.

Kisha Barasa akaharibu. Mama yake alipiga simu kuuliza tutafika lini, naye kwa aibu akasema ofisi imemnyima ruhusa. Jumapili iliyofuata mchungaji akauliza kanisani nani anasafiri, na Barasa, kwa mazoea ya miaka yote, akasimama akasema, "Tunaenda nyumbani, mtuombee." Wakatuombea. Walimwombea dereva wa basi la kwanza na dereva wa basi la pili, wakaombea matairi. Nilifumba macho nikatamani sakafu inimeze. Baada ya ibada, jirani yetu Mama Nafula, ambaye kwao ni kijiji kimoja na kwa wakwe zangu, akatuletea kifurushi cha sweta na redio ndogo. "Mkifika tu mpelekee mama yangu," akasema. "Anasikia baridi sana siku hizi." Barasa akakipokea kwa mikono miwili. Angefanya nini? Kwa hiyo kule nyumbani walijua hatuna livu, huku Voi walijua tunakwenda nyumbani, na ukweli ulikuwa umebaki kwetu wawili.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tulitoka kama watu wanaowahi basi la Nairobi. Tuliburuta sanduku hadi barabarani huku Mama Nafula akitupungia mkono kutoka mlangoni kwake. Tulipopita kona, tukapinda nyuma ya soko tukatafuta bodaboda mbili. Yule wangu alipofunga sanduku kwa mipira aliniuliza tunakokwenda, nikamwambia Sagalla juu.

"Kuna matanga?" akauliza kwa huruma.

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna. Tunaenda kukaa."

Aliwasha pikipiki bila kuniuliza tena. Nadhani aliamua kwamba ni mambo ya nyumba zetu.

Njia ya kwenda Sagalla huanza kwa vumbi jekundu na mashamba madogo yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki, maana ndovu humwogopa nyuki kuliko anavyomwogopa askari. Kisha inaanza kupinda. Kila tulipopinda, hewa ilibadilika kidogo, na baada ya kona kadhaa nikagundua kwamba sijashika kitambaa changu cha jasho. Nimeishi chini ya mlima huu miaka kumi na tisa, na sikuwa najua kwamba huko juu watu huvaa koti asubuhi.

Saa moja asubuhi tulishuka kwa Mama Wakesho. Ni mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye sauti ya kufikia dawati la nyuma. Tangu watoto wake waondoke, hukodisha chumba kimoja kwa wageni, na namba yake nilipewa na mwalimu wa shuleni kwetu.

"Mmetoka wapi?" akauliza.

"Voi," nikasema.

"Voi hii?" Akatazama chini bondeni kana kwamba kuna nyingine. "Mimi nimepokea watu wa Nairobi, na mmoja alitoka Uholanzi. Wa Voi huja kwa harusi, wakala, wakashuka jioni. Kulala hajalala hata mmoja. Karibuni sana. Hapa kazi yenu ni moja tu, kukaa."

Hiyo kazi ilinishinda siku hiyo hiyo. Kwetu mgeni wa kike hakai sebuleni akisikia sufuria zinalia jikoni. Ataonekana ana maringo. Kwa hiyo niliposikia Mama Wakesho anakatakata kitu, miguu yangu ilinipeleka mlango wa jikoni kabla sijaipa ruhusa. Akanirudisha. Nikarudi tena na kisingizio cha kuomba kiberiti. Akanirudisha na kiberiti mkononi. Mchana alituletea kimanga, maharagwe na ndizi vilivyopondwa pamoja, pamoja na mboga ya kunde. Nilitia kijiko mdomoni nikaanza kukagua chumvi kama ninavyokagua kila siku, kisha nikakumbuka kwamba chumvi hii hainihusu. Ilinichekesha. Sikuweza kukumbuka mara ya mwisho nilipokula chakula nisichojua kilitoka motoni saa ngapi.

Alasiri tulikwenda kuketi kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba. Chini kulikuwa na mji wa Voi, mabati yakimetameta, na nyika ikienda mpaka macho yanachoka. Katikati yake ilipita reli. Barasa aliitazama kwa muda mrefu. Amekuwa akiitembea vipande vipande, siku baada ya siku, macho chini akitafuta ufa na nati zilizolegea. Hakuwa ameiona yote kwa pamoja hata siku moja.

"Kumbe ni refu hivi," akasema.

Nikageuza macho upande wa nyika, maana mwanamume wangu hapendi kushikwa akiwa ameguswa.

Jumanne saa kumi alfajiri macho yangu yalifumbuka yenyewe. Nililala nikijilazimisha. Nilihesabu mbao za dari. Nikaomba. Mwishowe nikajiambia kwamba kuchemsha chai tu si kazi, nikanyata hadi jikoni. Niliwasha moto, nikateka maji kwenye pipa la buluu lililokuwa pembeni, nikaweka chai. Nikaona sufuria za jana, nikaziosha. Zikiwa mkononi nikaona masizi ya miaka upande wa nje, nikayasugua kwa majivu mpaka zikang'aa. Sakafu ikaniudhi, nikapiga deki, nikasuuza, nikapiga tena. Nilikuwa nimefurahi, nisiwadanganye. Nilikuwa nikiimba kwa pua.

Mama Wakesho aliingia jua linachomoza. Alitazama sufuria. Akatazama sakafu. Kisha akaliendea lile pipa akaligonga kwa kidole, nalo likalia kama ngoma.

"Mama Simiyu," akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "umepiga deki?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na maji haya?"

Shuleni kwetu kuna bomba na tangi, na nilikozaliwa mito haikauki. Maji kwangu ni kitu cha kuinama na kuteka. Sagalla si hivyo. Maji hupandishwa na mwenye punda, naye hupanda Alhamisi. Lile pipa lilikuwa la kutupitisha siku mbili, kunywa, kupika na kuoga, nami nilikuwa nimelimwaga nje ya mlango pamoja na masizi.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alichukua mtungi mmoja, akajifunga leso, tayari kwenda kuomba kwa majirani. Mlangoni aligeuka akasema, pole pole, kama anayemwelekeza mtoto hesabu, "Umeniokolea kazi ya nusu saa, ukanipa kazi ya siku mbili. Sasa ukae, mama. Nakuomba. Ukikaa ndiyo utakuwa umenisaidia."

Nilikwenda chumbani nikamweleza Barasa. Nilitegemea atacheka, lakini hakucheka. Alianza kukunja nguo.

"Wewe hujui kukaa," akasema. "Si makosa yako, ndivyo uko. Tushuke tu, kesho tukate tikiti twende nyumbani. Hata hii mzigo ya Mama Nafula ifike, imekuwa ikinisumbua roho tangu juzi."

Kilichoniuma ni kwamba hakusema kwa ubaya. Niliketi kitandani nikatazama mikono yangu. Ilikuwa bado na masizi. Nilijiuliza kama kweli kuna mtu humu ndani zaidi ya mpishi, au kama nilishakuwa sufuria ya watu, ya kuwekwa motoni na kuteremshwa. Machozi yalinijia. Lakini hasira nayo ilikuja, na ndiyo iliyonisaidia. Nikaona kwamba Barasa ameshika vitu viwili vya kuniteremshia mlimani: maji niliyomwaga, na kifurushi alichokipokea kwa uongo. Maji singeweza kuyarudisha. Kifurushi ningeweza.

Nikachukua simu nikampigia Mama Nafula.

"Mama Simiyu! Mmefika Bungoma?"

"Tuko Sagalla."

"Sagalla gani?"

"Hii hii. Iko juu ya nyumba yako. Ukitoka nje uangalie juu, sisi ndio hawa."

Nikamweleza yote, mgongo, sharti la Barasa, aibu ya kanisani. Barasa alikuwa amesimama na shati mkononi, akinitazama kama mtu anayetazama treni ikiacha njia.

"Niliwaombea," Mama Nafula akasema mwishowe. Sauti ilikuwa imekauka. "Jana nimewaombea nikafika mpaka Salgaa, pale mabasi huangukia. Nikawapitisha Salgaa. Kumbe mko hapo juu mnaniangalia nikianika nguo?"

"Nisamehe."

"Msiguse mzigo yangu tena. Kesho nakuja kuichukua mwenyewe."

Mama Wakesho alikuwa amerudi na mtungi wake, akiwa amesikia nusu ya mazungumzo kwa jinsi sauti yangu ilivyopanda. Aliniomba simu kwa kiganja.

"Mama, habari ya asubuhi," akasema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Kama unapanda kesho, tafadhali fungasha mitungi miwili ya maji. Rafiki yako amenimalizia."

Jumatano saa sita mchana pikipiki ilifika ikiguna. Mama Nafula alikuwa amekaa katikati ya mitungi miwili ya maji iliyofungwa ubavuni, amevaa gauni la kanisa, uso umejaa hasira. Aliposhuka alitusema kwa Kibukusu bila kupumua. Alianza na Barasa, akaja kwangu, akarudi kwa Barasa. Barasa alitazama viatu vyake. Mama Nafula alikuwa na haki na tulimwachia haki yake yote.

Alipomaliza, Mama Wakesho akamwekea kiti pale kwenye mwamba na kikombe cha chai ya maji yake mwenyewe. Upepo ulikuwa ukipanda kutoka bondeni. Mama Nafula alikunywa, akatazama Voi chini, akatafuta paa lake kwa kidole akalipata. Baada ya muda akavua viatu.

"Hii baridi," akasema, "ni kama ya kwetu."

Ilikuwa kweli. Ni ile baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka Mlima Elgon, ambayo sote huiota wakati wa joto la Januari. Tumekuwa tukisafiri siku mbili kuifuata, na ilikuwa juu ya vichwa vyetu. Kisha sufuria ikalia jikoni, na Mama Nafula akainuka papo hapo, mkono tayari unatafuta leso ya kujifunga. Nikamshika gauni.

"Keti," nikamwambia. "Hapa hatuendi jikoni. Mimi nimeshatuharibia."

Akaketi. Tukawa wawili, wanawake wazima, tumekaa bega kwa bega hatujui mikono tuiweke wapi. Yeye aliipakata. Mimi niliikalia. Tukatazamana, tukacheka mpaka Mama Wakesho akatoka kuuliza kuna nini.

Jioni Mama Nafula alishuka na kifurushi chake, akisema atakituma kwa basi kesho yake. Akiwa amekwisha panda pikipiki alinigeukia. "Lakini nyinyi ni wajinga," akasema. "Mngesema tu, ningekuja Jumatatu."

Barasa alirudisha nguo zake sandukuni, mara hii kwa sababu nyingine. Safari ilikuwa inaendelea: Mama Wakesho alitushauri siku zilizobaki tukazimalizie kwenye vilima vya Ronge.

Alhamisi, mwenye punda akiwa anapanda, sisi tulikuwa tunateremka. Mama Wakesho alikuwa ametupigia simu mbele, kwa shemeji yake aitwaye Mwadime, mkulima wa Ronge. Tulikwenda na gari hadi Mwatate, kisha bodaboda tena kuingia vilimani. Ronge ni nchi nyingine kabisa, ingawa ni saa chache kutoka mlangoni kwetu. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi, migomba imesimama ukingoni, na maji hupita kwenye mifereji midogo ambayo wenye mashamba hufungua na kufunga kwa zamu. Niliyasikia maji yale nikaona haya, nikakumbuka pipa.

Mwadime na mkewe walitupokea kwa chai na viazi vitamu. Mkewe, Mama Mghoi, alikuwa amekwisha onywa. "Nimeambiwa nikufungie mlango wa jikoni," akanitania kabla hata sijakaa. Barasa yeye alipata bahati: zamu ya maji ya Mwadime ilikuwa jioni hiyo, wakaondoka na majembe kwenda kufungulia mfereji. Alirudi na matope mpaka magotini, anaongea kwa furaha kuhusu mteremko na mkondo kama mtu aliyegundua reli ya maji. Niliona kwamba naye hajui kukaa. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakuwa ameulizwa.

Ijumaa niliamka nikaona mwanga umejaa chumbani. Nilidhani ni mbalamwezi. Nikatafuta simu nikasoma saa: saa nne kasoro robo asubuhi. Nikasoma tena. Saa kumi ilikuwa imenipita nimelala. Saa kumi na mbili ilinipita, na saa moja, na saa mbili. Nilibaki nimelala chali, na mgongo haukuwa na neno la kuniambia. Nje kulikuwa kimya kiasi kwamba niliogopa kuna jambo baya limetokea.

Nilifungua dirisha. Barasa alikuwa ameketi kwenye kigoda chini yake, na uti mrefu wa jani la mgomba mkononi.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Kuna jogoo hapa mjinga sana," akanong'ona. "Anataka kuwika kwa dirisha yako. Nimemfukuza tangu saa kumi na mbili."

Nilirudi kitandani nikalia. Nililia vizuri, bila haraka, machozi ya mtu aliyeshiba. Katika miaka yote ya ndoa yetu amenijengea nyumba, amenisomeshea watoto, amenizikia baba yangu, na kwa hayo yote nilimshukuru. Hili la jogoo lilinishinda.

Jumamosi mchana tulirudi Voi tukiwa na mkungu wa ndizi kutoka kwa Mwadime na sanduku lile lile. Safari nzima ya kurudi ilikwisha kabla sijachoka kukaa. Niliwaza njiani nitakachowaambia wenzangu, maana mtu akisafiri huulizwa ameleta nini. Nimejifunza kwamba kupumzika ni kazi ya kujifunza kama kazi nyingine, na mwanafunzi wa kwanza humwaga maji. Nimejifunza kwamba aibu yetu ya kwenda karibu si ya umbali. Ukienda mbali, una sababu. Ukienda karibu, unakiri mbele za watu kwamba umekwenda kwa ajili yako tu, na hilo ndilo linalotutia haya, hasa sisi wanawake. Tunaopaona mahali kila siku kupitia dirishani ndio tusiopajua, na wala si lazima kuwa na kofia ya watalii ili upajue.

Jumapili kanisani walitupokea kwa vicheko. Mama Nafula alikuwa amekwisha wahubiria. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa kutufikisha salama na kuturudisha salama, akaongeza, "kutoka pale," akinyosha kidole mlimani, na kanisa zima likaangua kicheko. Barasa alisimama akaomba radhi. Baada ya ibada wanawake watatu walinivuta pembeni, mmoja mmoja, kuuliza namba ya Mama Wakesho.

Saa nane mchana tulikuwa nyumbani. Barasa alivua koti, akaketi, akasafisha koo. Nilijua ni swali. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na wasiwasi nalo. Ndipo simu yake ikalia. Alitazama jina, uso ukabadilika. Ilikuwa ni mama yake.

Kifurushi kilikuwa kimefika Kimilili kwa basi, na pamoja nacho habari. Mama yake Mama Nafula alikuwa amevaa sweta, akachukua redio, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wangu kumwuliza kwa nini watoto wake wana livu na hawaji. Barasa aliharakisha kupokea, akabonyeza pasipotakiwa, sauti ya mama ikajaa sebule. Alisema kwa Kibukusu. Naiandika kwa Kiswahili.

"Barasa, uliniambia ofisi imekunyima ruhusa."

"Mama, nilikudanganya. Nisamehe. Tulikuwa likizo."

"Likizo ndiyo kufanya nini?"

"Kukaa, mama. Tulikaa tu mlimani kwa watu."

"Na mke wako naye?"

"Naye."

"Alikuwa akifanya nini?"

Barasa alinitazama. "Alikuwa ameketi," akasema. "Ijumaa alilala mpaka saa nne."

Niliona Agosti zangu zikichukuliwa moja moja, kwa maana Barasa anaweza kunikatalia mimi, lakini hajawahi kumkatalia mama yake jambo.

"Mpe simu," mama akasema.

Nikasogea. "Shikamoo, mama."

"Hao watu," akasema, "walikuwa wakipika wao?"

"Wao, mama."

"Na vyombo?"

"Wao. Nilijaribu nikakatazwa."

"Na chai ya asubuhi?"

"Nililetewa."

Nilisikia kuku wake kwa mbali, na mlango wa jikoni yake unaolia, ule ninaoufungua kila Agosti. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ndogo, si ile ninayoijua.

"Mimi tangu niolewe," akasema, "nimepikiwa nilipojifungua, na nilipomzika mume wangu. Basi." Akavuta pumzi. "Huko kwenu, wanapokea watu wa umri wangu?"

Miaka kumi na tisa nilikuwa nimemwona amekaa upande ule mwingine wa moto, na sikuwahi kujua kwamba naye alikuwa jikoni. Nilitaka kumwambia ndiyo, wanapokea, nitakuja kukuchukua mwenyewe, lakini haikuwa ahadi ya kutoa bila mwanawe.

Nilimgeukia Barasa anisaidie. Hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amechukua simu yangu akatoka nje, na kupitia dirishani nilimsikia akimwuliza Mwadime kama Agosti ijayo kile chumba kinaweza kupata kitanda kifupi, ambacho mama mzee ataweza kukipanda bila kushikwa mkono.